Racheti Isiyo na Swichi

Mkono wa Konstebo Nzivo uliingia hadi kwenye kiwiko, ukagoma.

"Hauendi, madam. Nikisukuma zaidi utabaki huku ndani."

"Utoe basi."

Nzivo aliutoa polepole, akapapuliza pale ulipochubuka. Sajini Muhonja alimsogeza kando, akalaza bega ukutani, akaingiza wake. Alikuwa mwanamke mwembamba, na hata hivyo plasta ilimparura vibaya. Alivuta pumzi, akasukuma tena, na ncha za vidole vyake zikagusa chuma.

Walikuwa juu ya paa la fleti ya ghorofa nane, mtaa wa Pipeline, Nairobi. Kando yao fleti jirani ilipanda hadi ghorofa ya tisa, na wenye ploti wa mtaa huo wakigawana mpaka hugawana hata hewa. Mwanya uliobaki kati ya ukuta wa jirani na fremu ya chuma iliyobeba tangi la maji haukuzidi upana wa kiganja. Ngazi ya tangi ilikuwa imefungwa kwenye fremu hiyo. Kila alfajiri Lusweti, keateka aliyeitunza fleti, aliipanda kwenda kufungua maji. Alfajiri ya Jumanne ilichomoka naye, ikamtupa upande wa barabara. Waliomwona akianguka walikuwa wakienda kazini kwa miguu, na wengi wao hawakufika kazini siku hiyo.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Saa nane mchana Mulongo, fundi wa kuchomelea kutoka mtaa wa Huruma, angesimamishwa kortini kwa kumuua Lusweti. Ushahidi ulikuwa mwepesi kubebeka. Ni yeye aliyefunga ngazi ile mwezi mmoja uliopita. Na wiki mbili baadaye alisimama kwenye veranda ya ghorofa ya tatu akamwambia Lusweti, mbele ya nusu ya wapangaji, kwamba akimpiga Nabwire tena atamzika. Nabwire alikuwa mke wa Lusweti. Alikuwa pia dada yake Mulongo, wa tumbo moja. Mkuu wa kituo aliposikia hayo alilifunga faili moyoni kabla hajalifunga mezani, akampa Muhonja asubuhi moja ya kumalizia malizia.

Muhonja hakupenda kumalizia malizia. Tangu jana alasiri, walipomfunga Mulongo pingu naye akauliza tu nani atampelekea dada yake habari, jambo hilo lilikuwa halimtoki akilini.

"Bolti zilikuwa ngapi?" akauliza.

"Nne. Tatu ziliokotwa chini. Moja bado iko hapo, lakini peke yake haikuweza kuishikilia ngazi."

"Na nati zake?"

Nzivo alichungulia fremu upande wa paa. "Zote zimechomelewa, madam. Hiyo ni kawaida. Usipochomelea, wezi wa vyuma wanafungua usiku, kesho unakuta ngazi imeenda kuuzwa kwa kilo."

"Nati iliyochomelewa inazunguka?"

"Haiwezi."

"Kwa hivyo?"

Nzivo aliutazama mwanya ule ambao ulikuwa umekataa mkono wake. "Kwa hivyo aliyezifungua alizungusha vichwa vya bolti. Kwa huku ndani."

"Na spana gani itazunguka humo?"

Muhonja akamulika kwa tochi. Bolti tatu za juu zilikuwa zimeacha matundu matupu. Ya nne, ya chini kabisa, ilikuwa imechomoza hadi kichwa chake kikabanwa na uvimbe wa plasta kwenye ukuta wa jirani, na shingoni ilivaa pete nene ya chuma. Ripoti ya kwanza iliiita washa, kipete cha kukazia bolti. Chini ya pete hiyo, kwenye ukingo wa saruji, palikuwa na unga wa chuma uliong'aa na vipande vitatu vya msumeno vilivyovunjika.

Nzivo alishuka kuazima grainda, mashine ya kukatia chuma. Alirudi nayo pamoja na mwenyewe, mzee Obura wa karakana ya chini, ambaye alikataa katakata kuacha chombo chake mikononi mwa polisi. Obura alikata nati, Muhonja akaivuta bolti kwa ncha za vidole, na ile pete ikatoka nayo.

Haikuwa washa. Ndani ilikuwa na meno, na ilipozungushwa ililia tik-tik-tik upande mmoja, ikakataa upande wa pili. Ubavuni palikuwa na kisiki kilichokatwa kwa msumeno.

"Hiyo ni kichwa cha racheti," Obura akasema. "Spana ya ringi, lakini ndani ina meno. Huitoi kwa bolti kila ukizungusha. Unaenda unarudi, unaenda unarudi, yenyewe inafungua." Akaigeuza. "Na haina swichi ya kugeuza upande. Ndiyo maana ilinaswa. Bolti ilitoka ikakanyaga ukuta, spana ikafungiwa katikati. Ingekuwa na swichi angegeuza, airudishe bolti ndani kidogo, aitoe spana yake aende nyumbani."

"Akaamua kuikata."

"Mchana mzima huo, madam. Chuma cha spana ni kigumu, na amevunja misumeno mitatu." Obura alitikisa kichwa. "Huyu si fundi. Fundi akinaswa anaazima grainda, anakata nati kama mimi. Fundi hawezi kata spana."

"Pengine aliogopa grainda itasikika."

"Basi ni mtu ambaye kusikika kungemletea shida hapa juu."

Muhonja aligeuka. Kamba za kuanikia nguo zilivuka paa kutoka ukingo hadi ukingo, na shuka za wapangaji zilikuwa zimetanda, nyeupe, za maua, za mistari. Kutoka mlango wa ngazi za jengo hukuweza kuliona tangi. Mtu angeweza kusimama pale nyuma mchana kutwa, beseni miguuni, na kila anayepanda angedhani anasubiri nguo zikauke.

"Na hii nini?" Nzivo aliuliza, akionyesha nukta ya rangi ya zambarau ubavuni mwa pete.

Obura alicheka kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni rangi ya kucha. Ni alama ya Mirriam, muuza vyuma wa soko la Gikomba. Kila fundi wa Eastlands anaijua."

Saa tano na nusu walikuwa mbele ya meza yake. Mirriam alikuwa mama wa makamo aliyeanza kwa kuuza nguo za mitumba, mgongo ukachoshwa na kubeba mabelo, akahamia vyuma, kwa kuwa vyuma, alivyopenda kusema, havipitwi na fasheni. Aliichukua pete, akaielekeza kwenye mwanga.

"Hii ni yangu. Namba kumi na tisa. Naweka rangi kwa sababu wateja wa huku wananunua spana nzima, wanarudisha mbovu, wanaapa ni ile ile. Lakini nani aliikata hivi jameni?"

"Wewe ndiwe utaniambia. Ulimuuzia nani?"

"Nilikuwa na moja tu ya hii. Siku kumi hivi zimeisha. Ni mama alinunua."

Nzivo aliinua macho kutoka kwenye daftari. Muhonja hakutikisika.

"Mama wa namna gani?"

"Mpole. Mwembamba. Kitambaa kwa kichwa. Na alikuwa anajua kuchagua kushinda hao wanaume wenye hujifanya hapa." Mirriam alikuwa amepata hadhira, na muuzaji aliyepata hadhira hahitaji kusukumwa. "Alisema bwana yake ni fundi amemtuma. Mahali pa kazi ni padogo, mkono unaingia lakini haugeuki. Nikamwambia, mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini na spana nayo lazima iiname. Nikamtolea hii."

Aliinua mpini mnene wenye soketi, kikombe cha kuvisha kichwa cha bolti.

"Akakataa. Akasema ukiweka soketi juu ya bolti, na mpini juu ya soketi, ukuta umeshafika. Ukweli. Nikamtolea hii nyingine ya ringi, meno thelathini na sita. Hii lazima uizungushe sana ndiyo ishike jino lingine. Kwa mahali padogo utasimama hapo ukivuta na haishiki. Nikamwonyesha ya meno sabini na mbili. Sikia."

Tik. Mkono wake haukusogea ila kidogo sana.

"Umesikia? Umesonga kama mtu anakuna sikio, imeshashika. Hapo macho yake yakafunguka. Kuna na ya shingo ya kukunja, lakini hiyo shingo inakula nafasi."

"Na swichi?"

Mirriam aliirudisha ile ya meno mezani. "Yenye swichi nilimpea. Nilimpea hiyo kabla ya hii, kwa sababu nilijua atanaswa. Akaipima, akairudisha. Kichwa ni nene."

"Aliipima na nini?"

"Kibanio cha nguo. Alitoa kibanio cha mbao kwa mfuko, kile cha kushikia nguo kwa kamba. Akakilaza kando ya spana. Akasema kichwa kisizidi hapo."

Muhonja alikumbuka shuka zile, nyeupe na za maua. Alikuwa amejua tangu neno "mama". Alikuwa ametamani tu kukosea.

"Endelea."

"Nikamwambia wazi, mimi sidanganyi mtu. Hii isiyo na swichi inaenda upande mmoja. Ukitaka irudi, uitoe uigeuze. Sasa kama kuna ukuta mbele, bolti itatoka hadi ikanyage ukuta, na hapo umeisha. Spana haitoki, hairudi."

"Akasema nini?"

"Akaniangalia. Akasema, 'Kwani ni lazima irudi?'"

Kelele za soko ziliendelea, mikokoteni ikiomba njia, maseremala wakigonga.

"Saizi aliijuaje?" Muhonja akauliza hatimaye.

"Alileta sampo ya bolti, kama kila mtu. Huku hautumwi spana bila sampo, utauziwa kumi na saba na kazi ni ya kumi na tisa. Na alipomaliza akaisahau hapa. Watu wote husahau." Alivuta mkebe wa maziwa ya unga kutoka chini ya meza, akachakura kwenye nati na skrubu za wateja wa mwaka mzima, akatoa bolti moja mpya. "Hii hapa. Niliiweka nikijua atarudi."

Muhonja aliiweka kando ya ile iliyotoka Pipeline. Urefu mmoja, chuma kimoja, alama ile ile kichwani. Tofauti yao ni kwamba moja haikuwa imewahi kufungwa popote.

"Madam," Mirriam akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Hiyo spana yangu imefungua nini?"

"Ngazi."

"Ile ya Pipeline?" Aliketi juu ya kasha la vyuma. "Nilimpakia mafuta hiyo spana na mkono wangu. Nilimwonyesha vile atashika. Ee Mungu wangu, nilimfundisha."

Muhonja alimwacha hapo, akaitia pete na bolti zote mbili mfukoni.

Ilikuwa karibu saa saba walipofika kituoni. Kwenye benchi nje ya lango Nabwire alikuwa ameketi, bakuli lililofungwa kwa leso mapajani. Alikuwa hapo jana, na leo asubuhi alikuwa hapo tena. Askari wa zamu walikuwa wakimshangaa mjane anayempelekea chakula mtu aliyemfanya mjane, na mmoja wao alikuwa amemwambia hivyo usoni. Nabwire alikuwa amemjibu kwamba ndugu ni ndugu.

Muhonja alimpita bila kusimama. Alienda kwanza kwa mkuu wa kituo, akaweka mezani pete na bolti mbili, akaeleza.

"Una jina?" mkuu akauliza.

"Sina la kuandika. Nina mwanamke mwembamba mwenye kitambaa. Nairobi nzima ni hao. Lakini Mulongo mkono wake hauingii pale. Nikijua nani alikuwa na bolti hii ya ziada, nina jina."

"Basi mwulize. Saa saba na nusu gari linaondoka. Ukiwa na jina, namwachilia. Ukiwa huna, aende akamwambie hakimu."

Mulongo alikuwa mtu mkubwa, na ile selo ilimfanya aonekane mkubwa zaidi. Muhonja alimwambia anyoshe mkono. Aliunyosha, mkono wa mtu aliyenyanyua vyuma miaka ishirini.

"Nzivo ni kijiti mbele yako," Muhonja akasema, "na wake uligoma kwenye kiwiko. Aliyefungua bolti zile si wewe. Najua, na mkuu karibu ajue. Jibu swali moja utoke hapa."

Mulongo aliutazama mkono wake kana kwamba umemfanyia wema. Kisha akacheka, akajifuta macho kwa mgongo wa kiganja. "Kweli, madam? Nitalala nyumbani?"

"Leo." Akampa bolti ya Gikomba. "Hii ni yako?"

"Ni yangu. Nilinunua tano. Huwezi kununua kamili, moja ikianguka kwa ule mwanya utashuka ghorofa nane kuifuata?" Alikuwa bado anatabasamu. "Nne nikazivuta kwa waya, nikafunga nati kwa upande wa paa. Ya tano nikampea—"

Muhonja aliliona tabasamu likibaki usoni bila mwenyewe. Mulongo aliigeuza bolti, akaigeuza tena.

"Ulimpa nani?"

"Niliitupa."

"Umesema ulimpa mtu."

"Nilikosea. Niliitupa." Akamrudishia bolti kupitia vyuma, taratibu. "Madam, ni mimi. Nilifungua hiyo ngazi."

"Mulongo."

"Ni mimi. Kila mtu alinisikia nikisema nitamzika."

"Ulifungua kwa spana gani?"

"Racheti."

"Namba?"

"Kumi na tisa."

"Yenye swichi au isiyo na swichi?"

"Yenye swichi," Mulongo akasema upesi, na kwa mara ya mwisho siku hiyo fundi ndani yake alizungumza. "Nani ataingia mahali kama pale bila swichi?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa fupi mno hata ikamuumiza Muhonja. Aliifunga kalamu.

"Lusweti alimpiga mara ngapi?" akauliza.

"Mimi nilienda kwa wazee mara mbili, kwa pasta mara moja, na kwa hiki kituo chenu mara moja. Mliniambia ni mambo ya nyumba." Hakuinua sauti. "Watoto ni watatu. Baba ameenda. Mimi ni mjomba, madam. Mjomba akifungwa watoto watalia, watanyamaza, watakuja kuniona Krismasi. Mama akifungwa, watalala kwa nani?"

"Sitaandika uongo."

"Usiandike. Hakimu ataniuliza kama ni kweli, na mimi nitasema ni kweli. Hiyo huwezi kunizuia."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimkasirisha kwa sababu lilikuwa kweli. Funguo zikalia mlangoni. Askari wawili waliingia, wakamsimamisha Mulongo, wakamfunga pingu. Mkuu wa kituo alikuwa kwenye korido akitazama saa.

"Jina?"

"Nipe dakika kumi," Muhonja akasema.

"Gari haliningoji mimi, likungoje wewe?"

Alitoka nje karibu akikimbia. Nabwire alikuwa bado kwenye benchi. Muhonja aliketi kando yake, wakatazama lango pamoja.

"Amekula?" Nabwire akauliza.

"Hajala. Amesema ni yeye."

Mikono ya Nabwire ilikaza fundo la leso.

"Nimetoka Gikomba," Muhonja akaendelea kwa sauti ya chini. "Nimeona mkebe wa sampo. Ndugu yako ameshika bolti ya tano mkononi mwake, akajua aliyempa, na akachagua. Sikulazimishi. Mimi nimekuambia tu mahali alipo."

Gari lilitoka uani. Mulongo alikuwa nyuma, dirishani, pingu zimeinuliwa hadi kifuani. Alimwona dada yake. Akatikisa kichwa mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayemkataza mtoto kugusa moto. Nabwire aliinamisha uso. Lango likafunguliwa, gari likapita mbele ya magoti yao, vumbi likawafunika, likaondoka.

Muhonja alisubiri. Alihesabu kimoyomoyo njia hadi kortini, msongamano wa saa hizo, foleni ya kesi, akaona haizidi dakika arobaini kabla jina la Mulongo kuitwa. Kando yake Nabwire alianza kulifungua fundo la leso. Kifuniko cha bakuli kiligongagonga.

Kisha kikanyamaza. Nabwire aliliweka bakuli chini, akapangusa vumbi usoni kwa leso, na akageuka. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nitakuambia yote," akasema. "Siku ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini piga simu kortini kwanza. Huyo ndugu yangu ni mjinga. Akiulizwa atasema ndiyo."